Luchelele au Igombe: wapi pa kutupa ndoano ukiwa Mwanza

Kila nikikutana na mgeni aliyehamia Mwanza na fimbo yake ya kuvulia, ananiuliza samaki wako wapi. Wapo kila mahali. Hata kwenye mawe ya karibu na kivuko cha Kamanga, katikati ya mji, utakuta watoto wanatoa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ndoano ndogo na kidonge cha ugali. Mimi humrudishia maswali yangu: utavua saa ngapi, upepo wa saa hiyo unatoka upande gani, na ziwa likichafuka utarudi nchi kavu wapi? Mwanza ina pande mbili za maji zisizofanana, na anayezichukulia kama kitu kimoja hupoteza siku yake, na akiwa na kayaki, kile kimtumbwi chepesi cha makasia, anaweza kupoteza zaidi ya siku.

Upande wa kwanza ni Ghuba ya Mwanza, ule mkono wa ziwa unaoingia kusini kupita Capri Point, Butimba, Nyegezi na Luchelele hadi Kigongo na mbele zaidi. Upande wa pili ni ziwa la wazi na mdomo wa Ghuba ya Speke, ukitoka Bwiru, ukapita uwanja wa ndege, ukaenda Igombe na Kayenze. Ndiyo maana naulinganisha uchaguzi huu kwa majina mawili, Luchelele na Igombe. Sehemu nyingine nitazigusa njiani.

Maji yenyewe

Kadiri unavyoingia ndani ya ghuba kuelekea kusini, maji yanazidi kuwa na tope. Kwenye visiwa vya mawe vya upande wa Speke, ukishusha chambo kinachong'aa utakiona kikizama mita mbili na zaidi. Ndani kabisa ya ghuba kinapotea machoni kabla hujahesabu tatu. Watafiti wa samaki wameitumia tofauti hiyo kwa miaka mingi kuchunguza furu wetu. Kuna furu mwekundu aliyepewa jina la kisayansi la Mwalimu, Pundamilia nyererei, na ndugu yake wa bluu, Pundamilia pundamilia. Penye maji maangavu majike huwatofautisha madume kwa rangi na kila kundi linabaki na lake. Penye tope rangi hazionekani vizuri, na makundi hayo mawili yanachanganyika.

Kwa mvuvi wa fimbo habari hiyo ina faida ya moja kwa moja. Igombe, chambo bandia kinachofanana na dagaa kinafanya kazi kwa sababu sangara anakiona kwa mbali. Luchelele, na zaidi ukisogea kusini, nategemea harufu na mtikisiko: minyoo, vipande vya samaki, au chambo bandia kikubwa kinachotingisha maji. Nimeona watu wakirusha chuma chembamba cha fedha asubuhi nzima pale Nyegezi baada ya mvua kubwa, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, bila kuguswa hata mara moja. Walikuwa na zana nzuri, ila zilikuwa za maji mengine.

Samaki nao wamegawana makazi. Sato anapenda maji ya pembeni, penye mchanga au tope laini, karibu na matete na magugu, na anavumilia maji yenye hewa kidogo kuliko sangara. Sangara anahitaji hewa ya kutosha na anafuata chakula: dagaa, furu, uduvi, na watoto wa sangara wenzake. Siku za joto na utulivu, hasa miezi ya mwanzo wa mwaka, maji ya chini yanaishiwa hewa na samaki husogea juu na pembeni. Juni hadi Agosti upepo unapolivuruga ziwa, maji ya juu na ya chini yanachanganyika na sangara wanaweza kutawanyika hadi kina kirefu. Kwa hiyo mtu wa nchi kavu ana nafasi nzuri zaidi ya kumpata sangara wa maana kabla ya miezi ya kipupwe.

Upepo, kabla ya samaki

Hapa naomba usome polepole.

Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, na hewa inatoka nchi kavu kwenda majini. Upepo huo unaendelea alfajiri. Kuanzia saa nne au saa tano asubuhi unageuka: nchi imepata joto, hewa inatoka ziwani kuja kwetu, na ikifika saa nane au saa tisa mchana unaweza kuwa mkali. Juu ya hayo, Juni hadi Agosti kuna ule upepo wa kusini-mashariki unaovuma siku nzima, na kwetu tulio ukingo wa kusini wa ziwa huo nao unatoka nchi kavu kwenda majini.

Upepo unaotoka mgongoni kwako unadanganya. Maji ya karibu na ufukwe yanabaki laini kama kioo kwa sababu vilima na mawe vinayakinga. Unaingiza kayaki, unapiga makasia kidogo, unaona umefika mbali bila jasho. Unaposema sasa nirudi, ndipo unagundua kilichokuwa kinakusukuma.

Mimi lilinipata Luchelele, mwezi wa saba, miaka minne iliyopita. Nilitoka kumekucha kwenda kwenye mawe ya mbele, na samaki walikuwa wanakula vizuri, kwa hiyo sikuangalia nyuma kwa muda mrefu. Nilipogeuza kayaki, kila nilipopiga makasia kumi nilisogea kama matano, na nikipumzika kunywa maji narudishwa nilikotoka. Nikaacha kushindana. Niliuachia upepo mgongo, nikaelekea upande wa Sengerema, nikatua kwenye kijimwalo (kituo kidogo cha wavuvi) nisichokijua nikiwa natetemeka mikono. Wavuvi wawili wenye mtumbwi wa injini walinivusha mchana. Hawakutaka hela, walitaka niahidi kwamba sitatoka tena bila simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingia maji. Niliahidi, na nimeitimiza.

Sasa liweke tukio hilohilo Igombe. Luchelele kulikuwa na ng'ambo, kwa sababu ghuba ni mkono mwembamba na ukisukumwa utafika mahali. Ukisukumwa kutoka Igombe, mbele yako ni ziwa. Ukerewe iko huko kaskazini lakini kayaki haipigi mahesabu ya kufika Ukerewe. Na mchana upepo ukigeuka, mawimbi yanayofika Igombe yamesafiri umbali mrefu juu ya maji ya wazi, yanakuja makubwa na kupasuka juu ya mawe yaleyale unapotaka kutua. Kwa hiyo asubuhi upepo unaweza kukupeleka, na mchana mawimbi yanaweza kukunyima pa kutokea. Luchelele ina shida moja kati ya hizo mbili, na kwa kiasi kidogo.

Mzee mmoja wa Igombe aliitazama kayaki yangu siku ya kwanza nilipoileta. Nilimsalimu "mwangaluka, baba", akaitikia, akaizunguka, akaigonga kwa kifundo cha kidole. "Mwanangu, chombo chako ni chepesi. Ukiona povu jeupe pale kwenye lile jiwe, usimalize hata ndoano uliyotupa. Kata, uje." Jiwe lenyewe liko upande wa kushoto ukitazama maji. Hadi leo natoka nalo jichoni.

Ukivua kwa miguu

Kwa mtu asiye na chombo, Igombe inaipita Luchelele kwa sangara, na Luchelele inaipita Igombe kwa karibu kila kitu kingine.

Mawe ya Igombe yanashuka haraka kwenye kina. Unasimama juu ya jiwe kavu, unarusha mita ishirini au thelathini, na chambo kinapita kwenye maji ambayo sangara anawindia. Saa zake ni mbili tu: kabla ya jua kupanda na baada ya jua kuzama. Jioni moja nilishika mmoja wa sentimita 60 hivi karibu kabisa na miguu yangu. Hakuvuta mara moja. Kamba ilikuwa nzito tu, kama imeshika gunia lenye maji, halafu gunia likaamka. Aliruka nusu mwili, akatikisa kichwa, na kwenye mwanga ule wa mwisho jicho lake liliwaka rangi ya dhahabu. Ukimfikisha mshike mdomo wa chini: meno yake ni madogo na yamesongamana, unahisi kama msasa. Usiingize vidole kwenye mashavu, vifuniko vyake vina miiba inayokata kama wembe.

Mawe hayo yanateleza yakilowa, na ukimaliza giza limeshaingia. Siendi Igombe jioni peke yangu, na simshauri mtu kwenda peke yake.

Luchelele ni ya mtu anayetaka kukaa. Unateremka stendi ya Nyegezi, unachukua bodaboda kupita Malimbe, na ndani ya muda mfupi uko majini. Kuna mawe makubwa yenye kivuli, na kati ya jiwe na jiwe kuna vijighuba vya mchanga na matete ambako sato wanakula. Zana ni rahisi: mshipi mwembamba, ndoano ndogo, minyoo, boya. Boya bora nililowahi kuona pale lilikuwa la mtoto wa miaka kumi hivi. Alikuwa amekata kipande cha kandambili nyekundu ukubwa wa kifuniko cha soda, akakitoboa kwa msumari wa moto, akapitisha mshipi, na chini akafunga kijiwe badala ya risasi ya kuzamishia. Sato anadonoa kwa adabu. Boya kubwa la dukani halisemi kitu mpaka minyoo imekwisha. Kile kipande cha kandambili kilikuwa kinatetemeka, kinalala upande, kisha kinazama taratibu, na dogo anavuta wakati kinaanza kulala, hangoji kizame. Alitoa watatu nikiwa bado na sifuri. Nilimwomba anifundishe, akanifundisha. Tangu siku hiyo sijanunua boya.

Ukiwa na watoto wako, au mgeni ambaye hajawahi kuvua, usipoteze muda kufikiria. Nenda Luchelele.

Ukiwa na kayaki

Kayaki inabadilisha hesabu, ila haibadilishi jibu la mwanzoni. Mwaka wako wa kwanza uwe ghubani. Luchelele na Nyegezi unaweza kuvua huku ukifuata ufukwe, mita hamsini kutoka kwenye mawe, ukikokota chambo nyuma polepole. Hapo unapita juu ya mahali ambapo mvuvi wa nchi kavu hafiki na mtumbwi wa nyavu hauwezi kuingia kwa sababu ya mawe. Huo ndio ukanda wa kayaki, na ndiyo sababu pekee ya kuwa nayo. Ukienda katikati ya ghuba unashindana na mitumbwi ya injini na nyavu zilizotegwa, na mshipi wako ukinasa kwenye wavu wa mtu umemharibia kazi.

Baada ya hapo, Igombe kwa kayaki ni zawadi, katika asubuhi chache za utulivu ambazo ukizisubiri zinakuja. Mawe yaliyozama mbele ya ufukwe yanakaliwa na sangara na mbofu, samaki wa jamii ya kambale, na maji yanaonyesha vivuli vyao. Ingia kumekucha, toka kabla ya saa nne. Hata kama wanakula, toka.

Jaketi okozi livaliwe, lisiwekwe nyuma ya kiti. Kila mtu wa Mwanza anajua kwa nini nasema hivi: meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kinakaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara. Maji ya karibu na nchi kavu yanaua sawasawa na ya mbali.

Jambo moja kuhusu usiku. Usiku wa giza utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda kama mji mwingine, na utatamani kwenda, kwa sababu dagaa wakikusanyika kwenye taa sangara huwafuata. Kwa kayaki usiende. Dhoruba za ziwa hili hukomaa usiku, pale hewa ya kutoka pande zote za nchi kavu inapokutana juu ya maji, na mtumbwi wa injini hauioni kayaki isiyo na taa.

Sehemu nyingine, kwa kifupi

Capri Point ni karibu na mji na mandhari yake huipati kwingine, lakini sehemu kubwa ya ufukwe iko nyuma ya kuta za nyumba na hoteli, na vyombo vinavyopita vinatikisa maji kutwa. Inafaa kwa saa moja baada ya kazi, si kwa siku. Kisiwa cha Saanane unachokiona pale mbele kimeitwa kwa jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mvuvi na mkulima kisiwani, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Usikisogelee na mshipi mkononi kama hujazungumza kwanza na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Kirumba, penye soko la samaki la Mwaloni, nenda kununua samaki na kuwatazama, ndiyo shule nzuri ya kujua nini kinatoka wapi msimu huu. Kuvua pale, hapana. Maji ya mji yanaingia karibu, hasa yanayoletwa na Mto Mirongo, na sili samaki niliyemshika mwenyewe kwenye maji hayo.

Kigongo imebadilika tangu daraja la kwenda Busisi lifunguliwe Juni 2025. Foleni ya kivuko imekwisha, na wengi sasa wanafikiria nguzo zile zitavuta samaki. Huenda ikawa hivyo. Lakini maji ya huko ni ya tope, na juu ya daraja ni mahali pa magari. Nimekwenda mara mbili, nikapata kambale wawili na mbu wengi.

Kayenze ni Igombe iliyo mbali zaidi, yenye watu wachache. Ukishaizoea Igombe utaipenda.

Kichocho, mamba na ruhusa

Hapa Igombe inashinda tena, kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani vijighuba vilevile vya matete ambako sato wanakaa. Mawe yanayopigwa na mawimbi hayawafai sana. Ukivua Luchelele simama juu ya jiwe, usisimame ndani ya maji. Mwenye kayaki hawezi kukwepa kulowa miguu wakati wa kuingiza chombo, kwa hiyo vaa gambuti, chagua penye mchanga mtupu, na jifute mara moja. Mchana wa jua kali ndio wakati mbaya zaidi, vimelea vinatoka kwa konokono kwa wingi. Mimi napimwa kila mwaka, na nimeshatumia dawa yake, prazikwanteli, mara mbili. Dawa ni rahisi. Kukaa na ugonjwa miaka bila kujua ndiko kunakoharibu ini na kibofu.

Matete hayohayo ndiyo ya mamba na kiboko. Waulize wenyeji kabla hujashusha mguu, kila asubuhi, hata mahali ulipokuwa juzi.

Na unapofika mwalo wowote, tafuta kwanza watu wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo. Jitambulishe, sema umekuja kuvua kwa fimbo. Leseni ya uvuvi inatolewa na halmashauri, na afisa uvuvi ndiye atakayekueleza inayokuhusu: Luchelele utaenda kwa Jiji, Igombe kwa Manispaa ya Ilemela. BMU watakuonyesha pia maeneo ya mazalia yasiyoguswa. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 wanarudi majini. Nina rula niliyochora kwa rangi nyeupe ndani ya kayaki, na kila samaki analala juu yake kabla sijaamua. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu wengi. Kuna watu husema kwa hiyo mtoto wake hahitaji huruma. Siwafuati. Familia nyingi za mialo hii zinaishi kwa sangara anayepewa nafasi ya kukua.

Basi uende wapi?

Kama una siku moja tu na huna chombo: Luchelele, fika kumekucha, vua sato hadi saa nne, kisha pumzika kivulini. Kama unataka sangara na una mwenzako wa kukuangalia: mawe ya Igombe, kuanzia saa kumi na moja jioni, tochi ya kichwani na viatu visivyoteleza. Kama kayaki yako bado ina harufu ya dukani: Nyegezi hadi Luchelele, ukiambaa na ufukwe, na iwe Septemba au baadaye, ule upepo wa kusini-mashariki ukishapungua. Igombe kwa kayaki iache mpaka uweze kupiga makasia nusu saa mfululizo dhidi ya upepo bila kusimama. Jaribu hilo ghubani kwanza, sambamba na ufukwe, ukiwa na mtu nchi kavu anayekutazama. Ukilimudu, nenda ukamsalimie mzee, na umwombe akuonyeshe lile jiwe.